Nani kafungua faili langu?

*Kumbukumbu za wagonjwa zinahama kutoka daftarini kuingia kwenye kompyuta. Sheria ipo, tena ina adhabu nzito. Lakini mgonjwa wa Sindeni hamwogopi mdukuzi wa ng'ambo, anamwogopa jirani aliyeketi mapokezi.*

Siku ya kliniki, mbele ya dirisha la mapokezi la zahanati ya kijijini Handeni, karibu kila aliyepanga foleni ana daftari. Ni daftari la shule, la bei ya dukani, limekunjwa katikati na kuchomekwa kwenye pindo la kanga au kubanwa kwapani. Juu yake pana jina, umri na kijiji. Ndani kuna miandiko ya watabibu tofauti, mingine haisomeki hata na wenzao: malaria, presha, dawa hii kutwa mara tatu, arudi baada ya wiki mbili.

Kwa watu wa kata ya Sindeni, daftari hilo lina faida ambayo wataalamu wa mifumo hawaipi uzito. Sindeni ipo kati ya miji miwili, Handeni na Korogwe. Mtu akizidiwa, leo anakimbizwa Handeni, kesho ndugu zake wanaamua ni heri Magunga, hospitali ya Korogwe, au hospitali ya misheni ya Kwamkono. Popote anapopelekwa, daftari liko naye. Halijui mpaka wa halmashauri, halisubiri umeme urudi, na mwenyewe akilichoka analichoma moto.

Kwenye vituo vilivyokwishaingia kwenye mfumo, mambo ni tofauti. Kompyuta inataka jina, jinsia, umri, kijiji, namba ya simu, kadi ya bima, namba ya NIDA kama ipo. Majibu hutolewa kwa sauti, kwa kuwa kioo kina tundu dogo na karani ameinamia kibodi. Foleni yote inasikia. Mgonjwa anapewa namba na kuelekezwa chumba cha daktari, na kuanzia hapo historia ya mwili wake haikai tena kwenye pindo la kanga.

Inakaa wapi? Nani anaifungua, kwa ruhusa ya nani? Na ikihitajika mahakamani, itathibitishwa vipi kwamba hakuna aliyeichezea?

Kutoka kitabu cha sita hadi kishikwambi

Serikali haikuanza jana kuandika wagonjwa. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA kama kila nesi anavyouita, ulienea nchini miaka ya 1990. Ni rundo la vitabu vikubwa vyenye namba: cha tano cha wagonjwa wa nje, cha sita cha wajawazito, cha saba cha watoto, cha 12 cha wodi ya wazazi. Nesi akisema "nipe kitabu cha sita", hakuna anayeuliza ni kipi.

Wanaolilia karatasi husahau jambo moja. Kitabu cha MTUHA hukaa wazi mezani. Aliyeketi kwenye kiti cha mgonjwa, kama anaweza kusoma herufi zilizopinduka, ana ukurasa mzima wa majirani zake mbele ya macho: jina, kijiji, kipimo, jibu. Siri haikuanza kuvuja zilipokuja kompyuta.

Mkoa wa Tanga uliingia mapema kwenye zama hizi mpya. Pamoja na Arusha na Kilimanjaro, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kupelekewa sajili ya kielektroniki ya chanjo za watoto katika nusu ya pili ya muongo uliopita. Nesi alikabidhiwa kishikwambi na mtoto akapewa namba. Watoto walioandikishwa wakati ule sasa wako shule ya msingi. Hakuna aliyewauliza, na kwa umri wao wasingeweza kujibu. Walioulizwa, kama waliulizwa, ni mama zao.

Kisha ukaja mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, CHF. Afisa mwandikishaji alipita kijijini na simu yake, akawapiga picha wanakaya, akaandika majina, akapokea mchango wa Sh30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Wengi wanakumbuka picha na fedha. Fomu ya kueleza picha hiyo itahifadhiwa wapi na kwa muda gani haimo kwenye kumbukumbu za watu.

Nao mfumo wa GoT-HoMIS, ulio chini ya TAMISEMI, ndio umekuwa ukisambazwa kwenye hospitali, vituo vya afya na zahanati za halmashauri. Ukisikiliza sifa zake majukwaani, ya kwanza ni mapato: fedha za papo kwa papo haziishii tena mfukoni mwa mtu, kila malipo yana namba, na mkurugenzi anaona makusanyo akiwa ofisini kwake. Ni sifa ya haki. Ila kwa jicho la mwandishi huyu inaeleza jambo: mfumo ulilelewa kwanza na mhasibu, na siri ya mgonjwa ikaja kudandia nyuma.

Sheria ina meno

Kwa miaka mingi siri ya mgonjwa ilitegemea vipande vipande. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Maadili ya taaluma yanamfunga daktari na muuguzi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 ilikwenda mbali zaidi kwa ugonjwa mmoja: majibu ya kipimo cha VVU ni siri, na imewataja wanaoweza kupewa.

Novemba 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Humo taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la "taarifa binafsi nyeti", pamoja na za watoto, za vinasaba na za alama za mwili. Kanuni ya jumla ni kwamba taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, na ridhaa hiyo anaweza kuiondoa wakati wowote bila kutoa sababu wala kulipa.

Upo msamaha. Taarifa zinaweza kuchakatwa kwa sababu za kitabibu, kwa manufaa ya mgonjwa mwenyewe, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa afya. Ndiyo maana nesi hakusainishi fomu kabla ya kukupima presha. Mlango huo ni wa lazima, la sivyo mtu angefia mapokezi akisubiri kalamu. Lakini umefunguliwa kwa ajili ya tiba tu. Karani anayechungulia faili la shemeji yake kwa udadisi hajamtibu mtu.

> Mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya Sh100,000 hadi Sh20 milioni, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa hadi Sh5 bilioni.

Zaidi ya adhabu, sheria imempa mgonjwa haki ambazo wengi hawajapata kuzitumia: kujulishwa kwa nini taarifa zake zinachukuliwa, kuziona, kudai zirekebishwe zikiwa na makosa, na kudai fidia akiumizwa. Yaani mtu anaweza kufika dirishani akasema naomba kuona mlichoandika kunihusu. Fikiria sentensi hiyo ikitamkwa saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Msimamizi wa yote ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024 jijini Dar es Salaam. Taasisi zinazokusanya taarifa za watu zilitakiwa kujisajili hadi Desemba mwaka huo, muda ukasogezwa hadi Aprili 30, 2025. Kwa watu wa Tanga kuna jina wanalolifahamu: bodi ya tume hiyo iliwekwa chini ya uenyekiti wa Balozi Adadi Rajabu, aliyepata kuwa mbunge wa Muheza.

Sheria yenyewe haijapita bila kupingwa. Mei 2024, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, Mahakama Kuu ilikubali kwamba baadhi ya vifungu kuhusu ukusanyaji wa taarifa havieleweki vya kutosha na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Umbali ndiyo siri

Sheria ya aina hii huandikwa kwa kumfikiria mwizi wa mbali: genge lililoingia kwenye mtandao, kampuni inayouza majina. Wapo. Finland, mwaka 2020, mdukuzi aliyeiba mafaili ya kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akiwadai fedha ili asiyaanike. Waathirika walipita 30,000.

Lakini Sindeni ni mahali ambapo karani ni wifi wa mtu, mhudumu wa maabara kapanga chumba kwa mtu, na mjumbe wa kamati ya zahanati anasali msikiti mmoja na nusu ya foleni. Kinachoogopwa hapa ni swali dogo la kisimani: kumbe fulani naye yuko kwenye dawa?

Watu wamejitafutia kinga yao, nayo ni umbali. Si jambo geni anayetumia dawa za kufubaza VVU kuruka kituo cha karibu na kwenda kuchukulia dawa mbali, ambako hajulikani. Mtu wa Handeni anakwenda Korogwe, wa Korogwe anakwenda Muheza au Tanga mjini. Nauli ni gharama ya siri. Mpaka wa wilaya, ambao kwa mambo mengine ni usumbufu mtupu, kwake ni ukuta wa nyumba.

Sasa agizo la Serikali ni kwamba mifumo isomane. Rais alilisisitiza siku ile ile ya kuzindua Tume. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ndani yake ina dhana ya mgonjwa anayetambulika popote aendapo. Kwa sasa taarifa za kliniki za VVU zina hifadhidata yake, mbali na mfumo wa kawaida wa hospitali. Ila siku mifumo hiyo itakapofunguliana milango bila kufuli za ndani, faili ambalo mtu alilipia nauli lifichwe Korogwe litaweza kusomwa Sindeni, na aliyemkimbia.

> Mifumo ikisomana bila kufuli, siri iliyolipiwa nauli hadi Korogwe itarudi nyumbani kabla ya mwenyewe.

Upande wa pili wa mjadala si wa kubezwa. Daktari asiyeona faili lote anaweza kuumiza. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampicin, akiwa pia kwenye dolutegravir, inabidi dozi ya dolutegravir iongezwe, anywe asubuhi na jioni badala ya mara moja kwa siku, kwa sababu rifampicin huishusha nguvu dawa hiyo mwilini. Akifika kituo kipya na kunyamaza, nao wakaanza kumtibu kifua, mwili wake ndio utakaolipa. Mganga mfawidhi anayedai mifumo isomane anaposema anaokoa maisha, anasema kweli.

Kwa hiyo ubishi halisi haupo kati ya kompyuta na karatasi. Upo kwenye nani, ndani ya kituo kile kile, anaona nini.

Muuguzi wa Finland

Kesi inayofaa kusomwa na kila mganga mfawidhi nchini ilitoka Finland vilevile, lakini haina mdukuzi hata mmoja. Ina muuguzi aliyeitwa kwa herufi moja tu, I.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya umma na kutibiwa VVU kwenye kliniki nyingine ya hospitali hiyo hiyo. Mapema miaka ya 1990 akaanza kuhisi wenzake kazini wanajua. Mfumo wa hospitali uliwaruhusu watumishi kufungua rejesta ya wagonjwa hata wasiowahudumia. Alipotaka ajulishwe nani alifungua faili lake, akajibiwa kwamba mfumo ulikumbuka mara tano za mwisho tu, tena kwa jina la kitengo, si la mtu, na kwamba hata hizo zilifutika faili liliporudishwa masjala.

Akashtaki. Mahakama za nchini mwake zikamwambia hana ushahidi. Angeupata wapi, wakati waliotakiwa kuutunza ndio walioshtakiwa? Julai 17, 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa ushindi. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: kama hospitali ingetunza kumbukumbu ya kila anayefungua faili, mama huyu asingekosa pa kushika. Kumpa haki ya kudai fidia bila kumpa njia ya kujua nani alichungulia, hakutoshi.

Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Tanzania. Lakini Sheria yetu ya 2022 nayo inamtaka mkusanyaji wa taarifa aweke ulinzi wa kutosha na awe na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Ulinzi wa kutosha kwenye chumba chenye kompyuta moja na watumishi watatu ni upi?

Hapo ndipo nywila inapoingia. Kwenye ofisi nyingi za umma, na vituo vya afya vimo, aliyewahi asubuhi hufungua kompyuta kwa nywila yake, kisha wote hupita humo humo hadi jioni. Nywila imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa kipande cha plasta ya kidonda. Si ukaidi: mtumishi mmoja anapokea, anapima, anaandika na kutoa dawa, na kuingia na kutoka kwenye mfumo mara 60 kwa siku ni kazi ya mtu mwingine. Matokeo yake kisheria ni mabaya kwa pande zote. Mgonjwa hawezi kujua nani alifungua faili lake. Na muuguzi asiye na hatia ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye kompyuta siku nzima, ndiye atakayeitwa kujieleza.

Kidole gumba cha Korogwe

Katika suala la ridhaa, eneo hili lina uzoefu ambao mikoa mingi haina. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake Korogwe. Pamoja na Bagamoyo, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya 2009 na 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000.

Wazazi walioshiriki walipitia kitu ambacho mgonjwa wa kawaida hakijui. Fomu ilisomwa kwa Kiswahili. Ilieleza taarifa za mtoto zitatumikaje na kwamba mzazi anaweza kujitoa. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, na shahidi anayejua kusoma, asiye mtumishi wa utafiti, akasaini pembeni.

Hivyo mama yule yule, kwenye mji ule ule, damu ya mwanawe ikichukuliwa kwa utafiti aliombwa ridhaa kwa kurasa kadhaa. Ikichukuliwa kwa tiba haombwi hata kwa sentensi. Sheria inaruhusu tofauti hiyo. Kinachoanza kuleta utata ni kwamba taarifa za tiba zikishakuwa kwenye kompyuta zinageuka kirahisi kuwa za utafiti, za bima au za mipango ya wafadhili. Daftari la kanga lilikuwa halipelekeki Dodoma kwa kubofya.

Mfano wa mama huyo unaonesha pia kwamba hoja ya "wanakijiji hawataelewa" haina msingi. Walielewa chanjo ya majaribio. Tangazo la nusu ukurasa ukutani, linalosema taarifa hizi zinakwenda wapi, halitawashinda.

Karatasi ya polisi, kompyuta ya hospitali

Kuna siku faili la mgonjwa huacha kuwa la daktari na kuwa la hakimu. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyekatwa panga kwenye ugomvi wa shamba au wa ng'ombe, hupitia polisi akachukue PF3, na daktari huijaza kwa mkono. Karatasi hiyo imeamua kesi nyingi, na imeziua nyingi pia. Mahakama ya Rufani imekuwa ikiifuta kwenye mwenendo pale mshtakiwa asipoelezwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe.

Sasa tuseme alichokiona daktari kimeandikwa kwenye mfumo, na PF3 imejazwa jioni kwa kunakili. Ipi ni ya asili? Wakili akitaka chapisho la faili lenyewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inalikubali kama ushahidi, na hakimu anapolipima ataangalia namna lilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kulindwa. Mahakama zetu hazikukurupuka kufika hapo. Mwaka 2000, Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, kilikubali chapisho la kompyuta ya benki kama kumbukumbu za kibenki kabla hata Bunge halijaligusa jambo hilo.

Benki, hata hivyo, inajua nani alibonyeza nini na saa ngapi. Rudi kwenye ile nywila ya plasta. Wakili wa utetezi akimuuliza daktari kizimbani kama ni yeye peke yake aliyeweza kuandika kwa jina lake siku hiyo, na daktari akasema ukweli, chapisho limekwisha. Binti aliyebakwa atakosa haki kwa sababu mtu mwingine kabisa, siku nyingine kabisa, aliona tabu kutoka kwenye mfumo.

Na makosa je? Huku Uzigua majina yanarudi. Akiitwa Asha Hamisi, wanaweza kuinuka watatu. Asiyejua tarehe aliyozaliwa huandikiwa Januari mosi, na mosi hizo zikiwa nyingi faili mbili hushikamana kama ndizi pacha. Haki ya kurekebishiwa ipo. Lakini ni lazima kwanza ulione faili.

Nairobi wamekwishafikishana mahakamani

Kenya mambo haya yametoka kwenye semina. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 mahakama ikasema agizo hilo limevunja haki ya faragha, na majina yaliyokwishakusanywa yahifadhiwe kwa namna isiyomtambulisha mtu.

Mwaka 2023 nchi hiyo ikatunga Sheria ya Afya ya Kidijitali, kitu ambacho Tanzania haina. Julai 2024 majaji watatu wakaibatilisha pamoja na nyingine mbili, Mahakama ya Rufani ikasimamisha ubatilishaji huo Septemba. Na Desemba 2025 Mahakama Kuu ikazuia kwa muda sehemu ya mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani iliyohusu kupeleka taarifa za wagonjwa nje.

Tanzania haijapata kesi yake kubwa ya faili la mgonjwa. Si kwa sababu hakuna aliyeumia. Anayeumia kwa siri kufichuka hapendi kuisoma tena kwenye hukumu.

Vitu vya bei ndogo

Halmashauri zitasema hazina fedha. Mengi hayahitaji fedha. Kila mtumishi na nywila yake. Mfumo uandike kila anayefungua faili, na mganga mfawidhi apitie orodha hiyo kila mwezi kama anavyopitia mapato. Karani aone jina na malipo, asione jibu la maabara. Dirisha la mapokezi lisogezwe mita mbili mbele ya foleni, au mgonjwa apewe kikaratasi aandike badala ya kutamka. Na Tume, badala ya kuishia kwenye hoteli za mijini, ichapishe fomu ya ukurasa mmoja ya kuomba kuona faili, ya Kiswahili, ipatikane hata kwa mtendaji wa kijiji.

Gumu zaidi ni lile ambalo nywila haitalitatua. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Ukimwi yanamruhusu mtoto wa miaka 15 apimwe VVU bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18. Sheria ya Taarifa Binafsi inaweka taarifa za watoto kwenye kundi nyeti na kumtambua mzazi au mlezi kama msemaji wao.

Binti wa miaka 16 anapima, majibu yanaingia kwenye faili lililofunguliwa kwa kadi ya bima ya baba yake, lenye namba ya simu ya baba yake. Wiki ijayo baba anafika dirishani na kuomba, kwa haki aliyopewa na sheria ya 2022, kuona faili la mwanawe. Waulize mawakili wawili kama apewe, na kila mmoja ataanza kujibu kwa sheria tofauti. Karani wa mapokezi hana mawakili wawili. Ana kompyuta iliyo wazi, na mzee anayemfahamu amesimama mbele yake akisubiri.